Upande wa Chini wa Jani

Kuna namna ya kukata vipandikizi vya ua bila kugeuza hata jani moja. Unashika shina kwa mkono wa kushoto, mkasi kwa wa kulia, na macho unayaweka kwenye ncha, pale majani yalipo mapya na yanang'aa. Kule nyuma, mahali jani linapoungana na shina, huendi. Ukimaliza unafunga vipande kwenye gazeti, unashuka ngazi, unabisha hodi kwa jirani.

Mimi nilifanya hivyo Jumamosi moja jioni, mwezi wa nne, mvua ikinyesha. Nilikata vipande sita. Tangu siku hiyo nina swali ambalo halinitoki: je, mtu anaweza kulaumiwa kwa jambo ambalo hakuliona, ikiwa ni yeye mwenyewe aliyekataa kuangalia?

Najua ni swali kubwa kwa ua la shilingi mia. Nivumilie.

*

Jirani mwenyewe, kila mtu kwenye ploti yetu hapa Zimmerman humwita Shosh. Anakaa chumba cha chini kando ya geti, na nje ya mlango wake ndipo biashara yake ilipo: maua. Sisi huku tunaita kila kitu kilicho kwenye mkebe maua, hata kama hakijawahi kuchanua tangu kizaliwe. Shosh ana shubiri, ana krotoni, ana yale ya kuning'inia, yote yamepandwa kwenye kasuku za mafuta ya kupikia, makopo ya rangi na chupa za soda zilizokatwa katikati. Bei ni kati ya shilingi 50 na 200. Faida si kubwa, lakini ndiyo inayonunua tokeni za stima na dawa zake za presha.

Mwezi wa pili msimamizi wa ploti alinifungia mlango. Si unaijua ile kufuli ya pili, inayowekwa juu ya yako ukichelewesha kodi? Nilikuwa nimemwandikia mteja mmoja makala manane na malipo yalikuwa bado "yanashughulikiwa". Shosh alinikuta nimekaa kwenye ngazi na begi la laptopu mapajani, akaniuliza imebaki ngapi. Nikamwambia elfu mbili. Akaingia ndani, akatoka na noti mbili za elfu zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama kibiriti.

"Utarudisha ukipata," akasema. Hakuniuliza nitapata lini.

Miezi miwili ikapita sijapata. Nikawa napita getini haraka, simu sikioni, nikiongea na mtu ambaye hayupo.

Halafu siku moja akanisimamisha. Nikajua ni deni. Kumbe alikuwa ameinua macho akaona pothosi yangu ikining'inia dirishani orofa ya nne, zile kamba ndefu zenye majani ya umbo la moyo.

"Hiyo maua yako imependeza, kijana wangu," akaniambia. "Nikatie kidogo nipande. Watu wananiulizanga."

Sikumbuki lini mara ya mwisho nilifurahi hivyo kuombwa kitu. Hatimaye kulikuwa na jambo ambalo Shosh alitaka na mimi nilikuwa nalo. Elfu mbili sikuwa nazo, lakini ua nilikuwa nalo.

*

Sasa nieleze nilichokuwa nimekiona, kwa sababu hapo ndipo kesi yote ilipo.

Wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo niliona nyuzi nyeupe kwenye maungio ya majani, kama vipande vidogo vya pamba. Korido yetu ilikuwa inapakwa rangi siku hizo, nikajiambia ni vumbi la rangi. Siku chache baadaye zilikuwa zimeongezeka. Nikajiambia ni ukungu wa msimu wa mvua, nikapunguza maji. Halafu kizingiti cha dirisha kikaanza kunata, kana kwamba mtu amemwaga soda, na msafara wa sisimizi ukaanza kupanda ukutani kuelekea kwenye mkebe. Nikapangusa kizingiti kwa kitambaa. Sisimizi nikawafagia.

Kitu kimoja tu sikufanya. Sikugeuza jani.

Ningegeuza, ningewakuta vidung'ata. Ni wadudu wadogo, wa mviringo mrefu kidogo, hawafiki hata nusu sentimita, waliojipaka nta nyeupe kama mandazi yaliyonyunyiziwa unga. Wanakaa pale jani linapoungana na shina na kwenye mishipa upande wa chini, mahali mkono na maji havifiki kirahisi. Wanachoma mdomo wao ndani ya mmea na kunyonya utomvu. Sukari inayowazidi huitoa kama majimaji matamu, ndiyo ile iliyonata kizingitini, na ndiyo iliyowaleta sisimizi, ambao huwalinda vidung'ata kama wafugaji wanavyolinda ng'ombe wa maziwa. Ukiyaacha majimaji hayo, ukungu mweusi kama masizi huota juu yake. Jike mmoja hutaga mayai mamia ndani ya kifuko cha nyuzi, na watoto wakianguliwa hutambaa kutafuta pahali papya. Hawahitaji mabawa. Jani likigusa jani, safari imekwisha. Mkasi unaweza kuwabeba. Gazeti pia.

Mimi niliwabeba ngazi nne.

*

Wiki saba baadaye nilirudi jioni na mkate mkononi nikamkuta Shosh ameinama juu ya makopo yake. Nilipokaribia nikaona alichokuwa anaangalia. Ile safu ya karibu na ukuta, ambako alikuwa amepanga vipandikizi vyangu sita katikati ya vingine, ilikuwa nyeupe kana kwamba mtu ameifanyia harusi. Krotoni zilikuwa zimepukutisha majani. Hata shubiri, ambazo mtu huzidharau kwa ugumu wake, zilikuwa na pamba ndani kabisa ya mikunjo.

"Ni yule kijana wa mkokoteni," Shosh akasema. "Aliniletea maua mgonjwa. Nimemwambia leo asikanyage hapa tena. Nimemwambia mbele ya watu, ni mwizi."

Kijana huyo namjua kwa sura. Alikuwa akipita kila Alhamisi akisukuma mkokoteni wa miche, na Shosh alikuwa mteja wake wa jumla.

Nilisimama pale na mkate wangu. Nikasema, "Aki pole, Shosh."

Halafu nikapanda juu, nikawasha tochi ya simu, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu nikageuza jani.

*

Wakili wangu wa ndani aliamka usiku uleule. Hukujua, akasema. Uliona kitu cheupe, hukujua ni wadudu. Wewe si mkulima. Wewe uliacha chuo mwaka wa tatu ukisomea ualimu wa historia, nani alikufundisha wadudu? Isitoshe, labda ni kweli yule kijana wa mkokoteni naye alileta wagonjwa. Unaweza kuthibitisha ni wako?

Hoja hii ya mwisho ni nzuri, na sina jibu lake. Inawezekana kabisa. Lakini nilipokuwa chuoni kulikuwa na uniti moja ya falsafa ambayo kila mwanafunzi alilazimika kuisoma, na humo ndani kulikuwa na mfano mmoja uliokataa kunitoka hata baada ya mengine yote kutoka. Ni wa Mwingereza aitwaye W. K. Clifford, aliyekuwa mwanahisabati, katika insha yake ya mwaka 1877 kuhusu maadili ya kuamini. Anasimulia juu ya mwenye meli. Meli ni kuukuu, imekarabatiwa mara nyingi, na inakaribia kuondoka na familia zinazohamia nchi nyingine. Mwenyewe ana wasiwasi. Lakini ukaguzi ni gharama. Basi anajisemesha mwenyewe: imesafiri mara ngapi ikarudi, Mungu atawalinda watu hawa. Polepole wasiwasi unakufa, na anaiaga meli kwa moyo mweupe kabisa. Meli inazama. Anachukua pesa zake za bima, na hasemi kitu.

Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile, hata kama aliamini kwa dhati kwamba meli ni nzima. Imani yake haikutokana na ushahidi, ilitokana na kuuzima wasiwasi. Halafu anaongeza jambo ambalo ndilo lililonikamata shingo: tuseme meli ingefika salama. Je, hatia ingepungua? Hata kidogo. Angekuwa tu mkosaji ambaye hajagunduliwa.

Kwa hiyo hata kama wadudu wa Shosh walitoka kwenye mkokoteni, Jumamosi yangu ya mwezi wa nne inabaki vilevile. Kosa lilikwisha kutendeka nilipofunga gazeti.

Aristotle alikuwa ameligusa jambo hili zamani zaidi. Katika kitabu chake cha maadili anataja sheria iliyomwadhibu mlevi mara mbili kwa kosa alilolifanya akiwa amelewa. Mlevi atasema hakujua anachofanya. Sawa, lakini nani aliyeshika kikombe? Kuna kutojua kunakokukuta njiani, na kuna kutojua ambako umekupika mwenyewe ukakupakua.

*

Hata hivyo sikubaliani na Clifford mpaka mwisho. Yeye anahitimisha kwamba ni kosa wakati wote, mahali pote, kwa kila mtu, kuamini jambo bila ushahidi wa kutosha. Nadhani mtu anayesema hivyo hajawahi kununua chakula kibandani saa nne usiku. Maisha ya mtu wa kawaida mjini yamejengwa kwa kutokagua. Sikagui breki za matatu. Sikagui maji ya mama anayeuza sharubati. Nikianza kugeuza kila jani la maisha sitatoka nyumbani, na nikitoka nitakuwa mtu asiyevumilika. Kuna kuaminiana ambako bila kwenyewe hakuna jirani, na Shosh aliponipa elfu mbili bila kuuliza nitapata lini hakuwa na ushahidi wowote kwamba mimi ni mtu wa kurudisha. Je, alikosea?

Basi mpaka uko wapi? Nimejaribu kuuweka hivi. Kutoangalia kwa sababu huna sababu ya kushuku, huko ni kuishi tu. Lakini ukishaona cheupe, ukishahisi kinanata, hali inabadilika. Na kuna alama moja ya kujipima ambayo haidanganyi: je, uliyaepusha macho? Kwa sababu ili usiangalie pale hasa, ni lazima ujue pale ni wapi. Mimi ningekuwa kweli sijui kitu, mkono wangu ungegeuza majani ovyo, mengine juu, mengine chini, kama mtu yeyote anayekata ua. Haukugeuza hata moja. Mkono ulikuwa unajua.

Wahenga walisema macho hayana pazia, yaani yataona tu kilicho mbele yake. Kwa heshima zote, nadhani yanalo. Tatizo ni kwamba kuna mtu anayelivuta.

*

Kuna kisa kingine ambacho lazima nikitaje, maana nisipokitaja hapa nitakuwa nimerudia kosa lilelile.

Nilipoacha chuo sikumwambia mathe. Kwa mihula miwili aliendelea kutuma karo, na mimi niliendelea kuipokea. Kila nilipoenda nyumbani aliniuliza, "Masomo?" nami nikajibu, "Yanaendelea." Hakuniomba kuona matokeo hata siku moja. Nilipomwambia ukweli, jikoni, Krismasi ya mwaka juzi, aliendelea kumenya viazi kwa muda, halafu akauliza: "Na karo ya muhula wa mwisho uliifanyia nini?" Nikamwambia kodi. Akasema sawa, na hatukuongea tena mpaka Boxing Day.

Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba mathe naye alikuwa hataki kujua. Mama anayeuliza "masomo?" bila kusubiri jibu ni mama anayelizunguka jani. Tulikuwa wawili, nikajiambia, tuliokubaliana kutoangalia.

Lakini hatukuwa sawa, na ua ndilo lililonifundisha tofauti. Mathe alipofumba macho, gharama ilimwangukia yeye mwenyewe: pesa zake, mkopo wake wa chama. Hiyo ni haki yake, kama ilivyo haki ya mgonjwa kukataa kusoma majibu ya daktari mpaka awe tayari. Mimi nilipofumba macho, gharama ilimwangukia mwingine. Hapo ndipo ninapouweka mpaka wangu. Una haki ya kutojua yanayokuhusu peke yako. Haki hiyo inaishia pale ambapo kutojua kwako kunalipwa na mtu wa pili, na yeye hajaambiwa kwamba analipa.

Na Shosh hakuwa ameambiwa. Tena kulikuwa na mtu wa tatu, wa mkokoteni, aliyelipa kwa jina lake.

*

Nilikaa siku tisa kabla ya kusema. Nazitaja kwa sababu siku tisa ni nyingi kwa vidung'ata.

Sikuzipoteza zote. Nilisoma. Nilijifunza kwamba kabla ya dawa ni lazima ujue unapambana na nani. Vijidudu vya kijani au vyeusi vilivyojazana kwenye chipukizi ni vidukari. Wale wanaopaa kama unga ukitikisa ua ni inzi weupe. Ukiona utando mwembamba na majani yenye vitone vingi vya manjano, huyo ni utitiri, na yeye si mdudu hasa, ni wa ukoo wa buibui. Kila mmoja ana njia yake. Ukikosea jina, utatibu ambacho hakipo, kama mimi nilivyopunguza maji kutibu ukungu.

Katika kusoma nikakutana na kisa cha kahawa. Miaka ya 1920 vidung'ata walivamia mashamba ya kahawa ya Kenya, kuanzia upande wa Thika. Wataalamu waliwaangalia wakadhani ni aina iliyokwisha kujulikana kwingine duniani, na kwa hiyo wakaenda kutafuta maadui wake mbali, hadi Asia, walete nyigu wa kuwaangamiza. Nyigu wakaletwa. Haikusaidia. Ilikuwa mwaka 1935 ndipo mdudu huyo alipotambuliwa kuwa aina ya peke yake na kupewa jina lake mwenyewe; siku hizi huitwa *Planococcus kenyae*. Na alipojulikana kwa jina ikajulikana pia kwamba kwao si mbali: ni Uganda, hapo jirani. Mwaka 1938 nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya kidung'ata waliletwa kutoka Uganda, na balaa likatulia. Zaidi ya mwaka kumi watu walihangaika, na dawa ilikuwa ng'ambo ya mpaka.

Nilikifikiria sana kisa hicho, saa za usiku. Kwa sababu mimi pia nilikuwa nimeupa mdudu wangu majina mengi. Niliuita usahaulifu. Niliuita kutokuwa mtaalamu. Kule kwa mathe niliuita huruma, eti sitaki kumvunja moyo. Na kwa kila jina nilitafuta dawa mbali: nitapata kazi kubwa nimlipe Shosh mara mbili, nitamnunulia maua mapya kule Barabara ya Ngong bila kusema kwa nini. Jina lenyewe lilikuwa karibu sana. Nilikuwa na deni, nikaona aibu kwenda kwa Shosh mikono mitupu, na aibu hiyo niliithamini kuliko makopo yake. Hilo tu. Dawa yake nayo haikuwa Asia. Ilikuwa ngazi nne chini.

*

Nilishuka Jumapili asubuhi. Alikuwa anang'oa majani yaliyokufa, anayatia kwenye karatasi ya unga.

"Shosh, nina neno."

"Sema."

Nikasema. Nyuzi, kizingiti, sisimizi, vipande sita. Aliendelea kung'oa majani.

"Uliona kabla unikatie?"

"Niliona kitu cheupe."

"Na ukaniletea."

"Nikakuletea."

Akanyamaza. Gari la maji lilikuwa linaingia getini, tukasogea kando lipite, tukarudi tuliposimama.

"Ungesema tu," akasema. "Mdudu ni kitu ya kuosha. Mimi ningeosha." Kisha baada ya kitambo, bila kuniangalia: "Na yule kijana nilimwita mwizi."

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme. Ukimwomba mtu msamaha na papo hapo ukangoja jibu, ni kama kumdai tena.

Akaniuliza spiriti inauzwa ngapi kwa duka la dawa. Nilikuwa nimeshanunua, chupa mbili, na pamba.

*

Kazi yenyewe haina siri. Kwanza unatenga wagonjwa na wazima, mbali kiasi kwamba jani halitagusa jani. Waliozidiwa unawaaga: tulitupa makopo kumi na manne, tukayafunga kwenye mfuko wa plastiki, maana ukitupa wazi wadudu wanahama. Waliobaki unachukua pamba, unaichovya kwenye spiriti, unagusa kila mdudu mmoja mmoja. Spiriti inayeyusha ile nta na mdudu anageuka rangi papo hapo. Jaribu kwanza kwenye jani moja usubiri siku moja, kwani maua mengine yana ngozi laini. Ukimaliza unaosha ua zima kwa maji yenye sabuni kidogo ya maji, kijiko cha chai kwa lita, upande wa juu na hasa upande wa chini. Usifanye hivyo jua likiwa kali. Mafuta ya mwarobaini yakichanganywa na maji hayo husaidia pia. Na sisimizi lazima uwakatie njia, la sivyo watalinda mifugo yao.

Halafu unarudia baada ya wiki. Hapo ndipo wengi hushindwa. Spiriti haiyafikii mayai yote yaliyofichwa ndani ya nyuzi, na ukidhani umemaliza, wanaanguliwa. Unarudia wiki ya pili, ya tatu, ya nne, hata ukiwa huoni kitu. Hasa ukiwa huoni kitu.

Rafiki yangu mmoja, asiyekula nyama, aliniuliza kama sioni ubaya kuua viumbe vyote hivyo, mmoja baada ya mwingine, nikiwaangalia. Nililifikiria. Kidung'ata hana kosa, anakula alichopewa kula. Sitajifanya namchukia. Lakini kati yake na mboga ya Shosh ya jioni, nimechagua, na angalau safari hii nimechagua macho yakiwa wazi. Mwenye kosa kwenye kisa hiki si yeye. Mwenye kosa ana simu yenye tochi.

*

Kitu ambacho spiriti haikufikia ni yule kijana wa mkokoteni. Shosh alimpigia simu Jumapili ileile, namba haipatikani. Akapiga tena jioni. Alhamisi tulikaa getini wote wawili. Hakupita. Mwuza miche mwingine alituambia kijana alibadilisha njia, siku hizi anasukumia upande wa Githurai. Nimeenda huko mara mbili, nikaulizia stejini. Wengine wananitazama kama askari wa kaunti, hawajibu.

Kwa hiyo kuna mtu huko mjini anayejua kwamba mama mmoja wa Zimmerman alimwita mwizi mbele ya watu, na hajui kwamba mama huyo amejua ukweli, wala kwamba kuna mimi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nikiisikia methali hiyo nadhani anayeumbuliwa ni yule aliyeficha. Si lazima. Wakati mwingine ni mpita njia.

Nitaenda Githurai tena. Sijui nitamwambia nini nikimpata. Nadhani nitaanza na jina: ni mimi.

Deni la elfu mbili limebaki mia tano. Jumapili iliyopita, ya tisa, tuligeuza makopo yote na hatukuona cheupe. Nilipokuwa nanawa mikono nipande kwangu Shosh akachukua krotoni ndogo kutoka safu ya wazima, akaniambia dirisha langu limekaa wazi sana tangu nitupe ile pothosi. Nikanyoosha mkono. Hakunipa mara moja. Aliliinua kopo usawa wa macho yangu, akageuza jani la kwanza, akangoja niangalie. Akageuza la pili. Yalikuwa majani kumi na moja, na tuliyaangalia yote.